Ukoko Hubembelezwa

Paukwa!

—Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu wenye njaa. Paukwa!

—Pakawaaa!

Pakawa na sufuria jikoni, na atakayeigusa kwa chuma, shauri yake.

Kuchakulo, kajinyama kadogo kenye mkia mwingi, aliishi na bibi yake. Bibi hakuwa na jino hata moja. Alikuwa na sufuria moja tu, ya chuma kizito, ndani imepakwa ganda jeupe linaloteleza. Mama yake alimpa siku ya harusi, na tangu hapo haijapata mkwaruzo.

"Mjukuu wangu," alizoea kusema, "ganda hili likibanduka litaingia kwenye chakula, na chuma kitaliwa na kutu. Nami sina nyingine."

Jirani yao alikuwa Ngiri. Ukipikwa wali tu, huyo! Tifu, tifu, tifu! Anakula, anasaza kidogo sana, anaondoka.

Siku moja alikula akamaliza wote, akatoa kijiko cha chuma.

"Lete ukoko!"

Kuchakulo akaruka mbele ya sufuria. "Bwana Ngiri, ukila ukoko, siku ya harusi yako itanyesha mvua!"

"Mimi Ngiri! Mvua si ndiyo inaleta tope? Na tope si ndiyo sherehe yenyewe? Lete ukoko!"

Akanyakua mtungi ailowanishe sufuria kwa maji baridi, na sufuria bado ya moto.

"La, la, la!" Kuchakulo akaning'inia mkononi mwake. "Ukoko wa humu ni mwoga. Ukiona chuma, unang'ang'ania. Ukimwagiwa maji baridi, unashtuka, unang'ang'ania zaidi."

"Sasa unatokaje?"

"Hubembelezwa. Sufuria ipoe kwanza. Halafu maji ya uvuguvugu. Halafu wimbo. Mtoto akilia, unamparuza kwa kijiko?"

Ngiri akafikiri. "Simparuzi."

Basi akangoja sufuria ipoe. Akatia maji ya uvuguvugu, taratibu. Akakaa chini na tumbo lake, akaimba kwa ile sauti yake nzito:

*Banduka, ukoko, banduka,*
*baba nipo, usiogope.*

Akaimba, akaimba. Sauti ikalegea. Krrr... fyuuu. Krrr... fyuuu.

Kuchakulo akachukua mwiko wa mti, akausukuma ukoko polepole. Pwata! Ukatoka mzima, laini. Chini yake ganda jeupe linang'aa.

Akamwekea bibi. Tangu meno yamtoke, bibi hakuwahi kuonja ukoko. Akautafuna kwa ufizi, nyamu, nyamu, macho kayafumba, machozi yanamtiririka.

"Mama alikuwa ananiwekea," akasema.

Hapo jicho moja la Ngiri lilikuwa wazi. Harufu ilimwamsha. Alimtazama bibi akitafuna. Alimtazama kwa muda. Kisha akalifumba, akakoroma kwa nguvu kuliko mwanzo. KRRR!

Jioni akajinyoosha. "Ukoko uko wapi?"

"Umebembelezeka mpaka umekwisha," akasema Kuchakulo.

"Ala! Basi kesho nitajitahidi."

Kesho yake alikuja bila kijiko. Akaacha wali nusu sufuria, akatia maji ya uvuguvugu, akaimba ubeti mmoja tu, akalala fofofo.

Hadithi imeiva, nami naipua. Fundisho lake, watoto: wakubwa wenye nguvu hawana akili, hudanganyika bure. Asiyeamini amuulize Kuchakulo. Mpaka leo anajisifu.