Kamba ya Pandu na Chatu Watatu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu walioshiba. Basi sogeeni, na mwenye miguu mirefu aikunje, maana hadithi hii ina nyoka ndani yake na nyoka wanataka nafasi.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha Vikumbini, palikuwa na msokota kamba aliyeitwa Pandu. Alikuwa mtu wa makamo, tumbo limetangulia, nywele zimebaki nyuma. Ujanani alitembea sana. Alibeba mizigo ya misafara mpaka bara, akapika wali kwa watu wasiokula wali, akauza chumvi kwa watu wenye chumvi yao. Kila alikopita aliacha watu wanacheka, na yeye akaondoka na njaa yake. Kuoa alisema ni safari ijayo, mpaka safari zikaisha. Aliporudi nyumbani na mizaha yake yote, akakuta wale waliokuwa wakimcheka wamekufa au wamehama. Nyumba aliyoachiwa na wazazi ilikuwa ya mwisho kijijini. Mbele yake ni vichaka.

Sasa, kamba ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika ncha, mwingine anasokota huku akirudi nyuma. Pandu hakuwa na wa kumshikia ncha. Akachimbia nguzo uani, akaifunga kamba pale, akawa anasokota na kuisimulia nguzo safari zake. Mzaha alioupenda kuliko yote ni ule wa mtu aliyeuza chumvi. Aliuanza kwa sauti, akaupamba, akauzungusha, lakini akifika mwisho wake aliunong'ona tu, kwa sababu aliona haya kucheka peke yake. Nguzo ilishika vizuri. Haikucheka hata siku moja.

Alikuwa na jirani mmoja, Bi Mize, mjane aliyekamua mafuta ya nazi. Kati yao palikuwa na ua wa makuti. Pandu aliweza kuandaa neno la kumchekesha tangu alfajiri, lakini akifika penye ua mdomo ulikauka, akaishia kuuliza habari za asubuhi. Bi Mize alijibu kuwa ni njema. Basi, siku imekwisha.

Siku moja alikuwa anaponda makumbi ya nazi atoe nyuzi za kamba, akasikia nyasi zinalala. Akatokea chatu jike, mnene kama kinu, na nyuma yake chatu wachanga watatu wembamba kama vidole. Pandu alitaka kukimbia, lakini miguu ile iliyotembea mpaka bara ikakataa kuvuka ua wake mwenyewe.

"Usijisumbue," chatu akamwambia. "Mimi nimechoka, na wewe mbio huziwezi."

Akamweleza shida yake. Msitu wake ulikuwa umefyekwa kuwa mashamba, naye alikuwa anakwenda ng'ambo ya mto kutafuta mwingine. Watoto bado walikuwa wadogo, maji yangewachukua. Alitaka mtu wa kuwalea. Pandu akauliza kwa nini yeye, katika watu wote wa kijiji.

"Kwa sababu nyumba yako ina panya wengi na watu wachache," chatu akasema.

Chatu akajinyoosha ardhini, akamwagiza asokote kamba ya urefu wa nusu yake. "Kila mmoja wao atakapoifikia kamba hii, mto hautamweza tena. Wafungulie mlango waje. Kabla ya hapo, nimewaambia wasivuke kizingiti chako." Akawanusa wanawe mmoja mmoja, akaenda.

Pandu akawapa majina ya kazi yake. Mkubwa akawa Ugwe, wa pili Kitani, na mdogo, aliyekuwa mwembamba hata kivuli chake hakikuonekana vizuri, mwenye alama kama punje ya mtama juu ya jicho la kushoto, akawa Uzi.

Usiku ule aliwapikia wali wa nazi. Wakautazama. Kesho yake akawapikia uji. Wakautazama na uji. Ndipo alipokumbuka maneno ya mama yao, akafukua kiota chini ya kinu, akawapa vitoto vya panya, vyekundu, visivyo na manyoya. Wakala kwa adabu kabisa.

Akajifunza kazi ile kwa makosa, kama alivyojifunza kila kitu. Alimpa Ugwe panya mkubwa kwa kumpendelea, Ugwe akamtapika. Tangu hapo chakula cha kila mmoja hakikuzidi unene wa kiuno chake mwenyewe. Akajua kuwa nyoka aliyekula hashikwi, anaachwa alale. Akajua kuwa macho yakiingia ukungu kama maziwa, nyoka anakaribia kujivua gamba, na hapo asilazimishwe kula, ila awekewe makumbi mabichi chunguni ajisugue kwenye unyevu. Gamba likatoka zima, kama mkono wa kanzu uliovuliwa. Pandu hakuweza kuyatupa magamba yale. Aliyatia kwenye mto wake wa kulalia.

Na kila walipojivua, aliitandaza kamba sakafuni na kuwapima, akiimba:

"Kichwa penye fundo, mkia penye ncha, nyooka mwanangu, nyooka nikuone."

Kisha wao wangeuliza, "Baba Pandu, tumefika?"

Naye angejibu, "Bado, wanangu. Bado kidogo."

Baada ya kupima aliwasimulia safari zake, nao walicheka. Chatu hana sauti ya kucheka. Hutikisa ncha ya mkia. Mikia mitatu ikitikisika pamoja sakafuni ilitoa mlio kama mvua ndogo kwenye makuti, na Pandu, aliyekuwa na miaka bila kusikia mlio wa namna ile nyumbani mwake, alisimulia mpaka sauti ikamkauka.

Ikawa siku moja mzee wa panya akamjia juu ya kinu. Akasema kwa heshima kwamba ukoo wake umekula unga wa nyumba ile tangu enzi za marehemu babake, na haujawahi kulalamika kwamba unga huo una mchanga. Lakini sasa watoto wanapungua, na hawaoni haja ya kuendelea kukaa. Wakahamia wote kwa Bi Mize.

Pandu hakuwa na la kufanya ila kwenda penye ua kuomba ruhusa ya kutega huko. Bi Mize alikubali, kwa sharti kwamba hao wadudu wake wasivuke. Kila mtego uliponasa, mkono wa Bi Mize ulitokea juu ya makuti na kikapu kilichofunikwa. Pandu alikipokea, akashukuru, akasimama kidogo. Mkono ukarudi.

Chatu wakala, wakakua. Siku ikafika Ugwe amebakiwa na shibiri moja tu kuifikia ncha.

"Baba Pandu, tumefika?"

"Bado, wanangu. Bado kidogo."

Safari hii alilisema taratibu. Aliitazama nyumba, kitanda kimoja, kigoda kimoja, nguzo uani. Walipokwisha kula na kulala, aliichukua kamba, akaining'iniza kwenye boriti, akafunga jiwe la kusagia kwenye ncha yake. Kamba ya makumbi iliyosokotwa na mtu na nguzo ina ulegevu ndani yake. Ukiifungia uzito na kuiacha, inarefuka bila kukatika. Hilo kila msokota kamba analijua, na hakuna nyoka anayelijua.

Wakajivua tena. Kichwa penye fundo, mkia penye ncha. "Baba Pandu, tumefika?"

"Bado, wanangu. Bado kidogo."

Kamba ikarudi boritini na jiwe lake. Hivyo ndivyo walivyoendelea, chatu wanakua na kamba inakua, na Pandu akawa anapima kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita mbele ya nyumba asikotaka kujulikana.

Mwishoni Uzi akakataa kula. Macho yake yalikuwa na ukungu, kwa hiyo Pandu hakushtuka. Akamwekea makumbi mabichi chunguni. Gamba likatoka vipande vipande, macho yakang'aa, lakini panya Uzi hakumgusa. Akaletewa mdogo zaidi, hakumgusa. Uti wa mgongo ukaanza kuonekana, kama kamba iliyosahauliwa juani. Pandu akamsimulia mzaha wa mtu wa chumvi, mpaka mwisho wake. Mkia haukutikisika.

"Baba Pandu," Uzi akasema, "nchi zote hizo ulizotembea, ulifikaje na miguu mifupi hivyo?"

"Nilikuwa nakua njiani."

"Mimi sikui." Akakilaza kichwa kwenye goti la Pandu, na kichwa kile hakikuwa na uzito. "Naona nakula bure. Tena ndugu zangu nao wanakula bure. Huyo panya mpe Ugwe, yeye bado anatumaini."

Mzaha ulikuwa hauna pa kuanzia. Pandu akalisukuma bakuli lake la mchuzi kando, akachukua mto wake wa kulalia, akaupasua. Magamba yakamwagika, meupe, mepesi, yakinong'ona yenyewe kwa yenyewe. Akapiga magoti akayatandaza sakafuni.

"Hili ni lako la kwanza, Uzi. Halikufika kiwiko changu. Hili la masika. Hili la baada ya Ugwe kutapika." Akaendelea kutandaza. Kila moja lilizidi lililotangulia, mpaka lile la mwisho, ambalo hata kwa vipande lilianzia mlangoni likagonga ukuta wa nyuma, likabidi lipindwe.

Kitani akayatazama magamba, akaitazama kamba. "Basi kwa nini hatufiki?"

"Kwa sababu kamba ndiyo niliyokuwa nailisha zaidi," Pandu akasema. Akawaonyesha jiwe na boriti.

"Kwa nini, Baba Pandu?"

Alitaka kusema mengi. Alisema, "Nguzo haicheki."

Uzi akateremka gotini. Akapita juu ya magamba yake moja baada ya jingine, polepole, akianzia lile dogo. Alipofika mwisho wa lile la mwisho akainua kichwa.

"Yule panya yuko wapi?"

Akala. Pandu alimlisha hivyo, kidogo kidogo, mpaka uti wa mgongo ukazama tena mwilini. Halafu siku moja asubuhi akafungua mlango, akauzuia kwa jiwe la kusagia usijifunge. Ugwe akavuka kizingiti. Kitani akavuka. Uzi akasimama.

"Huko nani atanipima?"

"Huko hawapimi, mwanangu. Huko wanakua tu."

Uzi akatikisa ncha ya mkia, mara moja, akavuka.

Nyumba ikanyamaza. Hata panya hawakurudi, maana kwa Bi Mize walikuwa wamezoea. Pandu hakuwa na sababu ya kwenda penye ua, na mkono haukutokea tena juu ya makuti. Aliushonea mto wake wa kulalia nguo mpya, akaujaza pamba, usingizi ukakataa kuingia ndani yake. Mchana alisokota, akaisimulia nguzo. Nguzo ilishika vizuri.

Mvua zikaja, zikaondoka. Asubuhi moja akafungua mlango akakuta gamba limelala penye kizingiti, zima, halina hata mpasuko. Kichwa chake kilikuwa mlangoni kwake na mkia umepotelea kwenye nyasi. Mburuzo hakuna, salamu hakuna. Juu ya jicho la kushoto palikuwa na alama ndogo aliyoifahamu tangu ikiwa kama punje ya mtama. Ni Uzi.

Pandu akakimbilia kamba ya kupimia. Akashika kichwa cha gamba, upepo ukanyanyua mkia. Akaushika mkia, upepo ukachukua kichwa. Akataka kukifunga kichwa kwenye nguzo, akasita. Gamba likifungwa linachanika. Nguzo haikufaa.

Alisimama pale kwa muda, mtu mzima amekumbatia ngozi ya nyoka. Kisha akaenda penye ua.

"Bi Mize."

"Nini tena, ni panya?"

"La. Kuna kitu nakipima. Kinataka mtu wa kushika ncha."

Halafu akasikia mlango wa Bi Mize, na nyayo zikizunguka ua, na Bi Mize akatokea mzima mzima, si mkono tu, anapangusa mafuta kwenye kanga yake. Akalitazama gamba.

"Ni la yule mdogo? Yule aliyekataa kula?"

Pandu akauliza alijuaje.

"Makuti yana matundu, Bwana Pandu. Nilikuwa nawasikia mkipimana. Na kabla ya hapo nilikuwa nakusikia na nguzo yako." Akakishika kichwa cha gamba kwa vidole viwili, kwa woga kidogo, lakini akakishika. "Ule wa mtu aliyeuza chumvi, kila siku nauacha moto wangu kuja kuusikiliza, na kila siku ukifika mwisho unanong'ona. Miaka yote hii sijausikia mwisho wake."

Pandu mdomo ukamkauka.

"Umeshika vizuri?"

"Nimeshika."

Basi akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, akilinyoosha gamba juu ya nyasi, akianza kwa sauti kwamba palikuwa na mtu aliyebeba chumvi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na mwisho wa mzaha ule, mkamuulize Bi Mize.