Sahani za Kisimani

"Sahani ya mkimbiaji huwekwa mwisho wa njia." Mama yenu kasema kweli, na nyinyi mkamcheka. Kaka yenu anakwenda kufanya mtihani wa udereva kesho, nyinyi leo mmeshainjika pilau ya kumpongeza! Akirudi bila leseni je? Haya, kaeni. Mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Yametoka hapa hapa Kisimani, na ngoma iliyoanzisha mkasa wenyewe niliipiga mimi babu yenu.

Zamani hizo, kila Ramadhani, mitaa yetu miwili ilikuwa na mbio zake, Kisimani na Sokoni. Likifika kumi la kati, tulichagua usiku mmoja. Watu wakishaswali tarawehe, barabara inafungwa kwa magogo, kila nyumba inatoa taa kibarazani, na kila mwenye miguu anakimbia: kutoka msikitini, kuzunguka soko, mpaka hapa kisimani. Mtaa wa yule aliyetangulia ndio uliofungiwa pembea za Idi.

Msidhani pembea ni jambo dogo. Sokoni walikuwa wameshinda miaka na miaka. Watoto wetu walikwenda kwao na nguo mpya, wakaambiwa, "Wenyeji kwanza." Mayasa, binti wa Shekue mkwezi wa minazi, alipanga foleni tangu asubuhi mpaka jioni kamba zikafunguliwa, hakupanda hata mara moja. Akarudi nyumbani kandambili mkononi, akamwuliza baba yake, "Baba, na sisi tutakuwa wenyeji lini?"

"Mwakani," Shekue akamwambia. "Mwakani nitakimbia mimi."

Habari ikaenea. Sasa, watu wa Kisimani tuna mapenzi, ila mapenzi yetu yapo jikoni. Siku ya mbio ilipofika, adhana ya magharibi haijaisha, sahani zikaanza kuingia kwa Shekue. Mihogo ya nazi, tambi, kaimati, samaki wa kupaka, kila kitu chini ya kawa lake. Na kila mama alisimama mlangoni amwone akila, maana kila mmoja alitaka kesho yake aseme, "Kashinda kwa tambi zangu." Futari ya jirani nayo hairudishwi, hayo mnayajua. Shekue akala, akala, akala.

Nilipopiga ngoma alitoka vizuri. Kufika kona ya soko, kashika tumbo. Akakaa kwenye kibaraza cha watu, jasho linamtoka, na wote wakampita, hata mzee mmoja aliyekuwa anakimbia huku ameshikilia kikoi kisianguke. Mbaruku wa Sokoni akafika kisimani anatembea. Aibu gani ile! Na waliomzomea Shekue zaidi si watu wa Sokoni. Ni sisi, wale wale tuliomlisha. "Mvivu! Katuaibisha!" Idi ile Mayasa hakuomba hata kupelekwa kwenye pembea.

Shekue akaapa hakimbii tena. Lakini alikuwa na shangazi yake, Bi Mwantumu, mwanamke asiyependa maneno mengi. Yeye ndiye aliyeosha vile vyombo asubuhi baada ya mbio, ili virudishwe kwa wenyewe na chochote ndani. Alipovipanga uani, vikajaa uani kote. Akavitazama, akasema, "Huyu hakushindwa na Mbaruku. Kashindwa na sisi." Akanyamaza nalo mwaka mzima.

Mwaka uliofuata akamwambia Shekue, "Utakimbia. Mlango niachie mimi." Magharibi ikaingia. Shekue, ndani, akafuturu kwa tende na kikombe cha uji. Shangazi akaweka kiti kizingitini, akakikalia. Wa kwanza kufika alikuwa Bi Zena na mkate wake wa kumimina, na nyuma yake akina mama wengine wamejipanga na sahani zao.

"Hodi."

"Karibu, Bi Zena. Lakini hapiti mtu."

"Ala! Mwantumu, unanirudishia futari? Mwezi mtukufu huu?"

"Siirudishi, mwenzangu, naihamisha. Ipeleke kule kisimani, iweke chini, usimame nayo."

"Na asipofika?"

"Asipofika tutaila sisi. Lakini akiila sasa, hafiki."

Bi Zena akakunja uso. "Mkate wangu ndio uliomwangusha mwaka jana?"

"Mkate wako, na tambi za huyo, na mihogo yangu mimi. Sote."

Ndipo Mayasa akapenya chini ya mkono wa shangazi, akashika upande mmoja wa sinia. "Bibi, nikusaidie kubeba?" Bi Zena akamtazama mtoto yule, na nadhani alikumbuka alivyorudi siku ile ya Idi, kandambili mkononi. Akashusha pumzi. "Haya, twende." Akageuka, na mstari mzima ukageuka naye.

Loo, nilipiga ngoma usiku ule mpaka ngozi ikalia! Kisha nikakata kichochoro, nikawahi kisimani. Sahani zimepangwa kuanzia kona mpaka kisima, kila moja na taa yake na mwenyewe kasimama nyuma yake. Mara Mbaruku huyo, anakuja! Shekue yuko nyuma yake, hatua chache tu, kachoka. Bi Zena akafunua kawa lake, akapaza sauti:

"Shekue! Mkate unapoa!"

Wallahi, barabara nzima ikalipuka. "Shekue, tambi hizi!" "Shekue, samaki!" Mtu kafunga kutwa, tumboni ana tende na uji, harufu ya nazi inampiga usoni na mtaa mzima unamwita! Alimpita Mbaruku mbele ya mihogo ya shangazi yake, akagusa ukuta wa kisima kwanza. Tulilia, tukacheka, tukambeba. Mayasa alikuwa juu ya mabega yake hata sijui alipandaje. Na Mbaruku, aliyekuwa amelala chali anahema, Shekue akamkatia nusu ya mkate wa Bi Zena. Wakala pamoja.

Idi ikaja, pembea zikafungwa pale mnapochezea mpira. Watoto wa Sokoni wakaja na nguo mpya, wakasimama nyuma, maana walijua desturi waliyoianzisha wao. Mayasa akaitwa apande wa kwanza. Akashika kamba, akawatazama wale wenzake, akasema, "Wageni kwanza." Halafu akapanda yeye, na hakushuka mpaka magharibi.

Basi, kaipueni hiyo pilau. Kaka yenu mpeni uji, alale mapema, na kesho mkamngoje barazani na masinia yenu. Sahani ya mkimbiaji huwekwa mwisho wa njia.