Nzi wa Manyoya Mekundu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, na asiyejua kunyamaza akakae na mbuzi.

Hapo kale, mlimani, palikuwa na kijito chembamba chenye maji baridi ya kuuma meno. Samaki wake walikuwa na madoadoa, tena wajeuri. Minyoo hawaitaki. Walitaka wadudu warukao juu ya maji tu. Ndiyo maana Nakijwa, mjane wa kijiji kile, alifunga manyoya ya kuku kwenye ndoana, ukiiona utadhani nzi kabisa. Mwanawe, Mbonea, ndiye aliyemchagulia manyoya, na hakuchagua mengine ila ya kuku wake mwekundu.

Siku moja Mbonea akaenda kuteka maji peke yake. Zimwi lililoishi kijitoni humo likamgusa, akageuka samaki.

Nakijwa alikuwa amesikia ukelele wake, akaja mbio na ndoana yake, akalipigia zimwi magoti. "Nirudishie mwanangu! Sina mwingine!"

Zimwi likacheka. "Yumo humo, nao wote wamefanana. Mvue. Rusha ndoana mara tatu tu. Ukitia mguu majini, namla. Ukimvua mwingine, namla. Jua likizama, namla."

Basi Nakijwa akarusha mara ya kwanza. "Njoo, mwanangu, njoo taratibu." Kivuli chake kikaangukia maji, samaki wote wakakimbilia chini ya mawe.

Akarudi kinyumenyume, akajikunyata kichakani. Akarusha mara ya pili. "Njoo, mwanangu, njoo taratibu." Samaki mmoja akadaka! Akavuta, uzi ukakaza, akaona damu majini. Akaingiwa na hofu. "Je, kama ni yeye?" Akalegeza uzi, samaki akachomoka, akazama.

"Umebakiza mara moja, mama," zimwi likasema, linajilamba.

Jua lilishagusa mlima. Nakijwa akalia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaokota jiwe, akaivunja ncha ya ndoana. Yakabaki manyoya mekundu matupu.

"Umerukwa na akili!" zimwi likaangua kicheko. "Utamshika na nini?"

"Simshiki," akajibu. "Atanishika yeye."

Akarusha mara ya tatu. "Njoo, mwanangu, njoo taratibu." Samaki mmoja akaonja, akatema. Mwingine akaonja, akatema. Akaja wa mwisho, polepole, akayauma manyoya, hakuachia. Nakijwa akavuta, akavuta, akavuta, mpaka nchi kavu.

Hapo hapo akasimama Mbonea, maji yanamchuruzika, manyoya bado menoni. Zimwi likanguruma, likazama na njaa yake.

Mdomo wa mtoto ulikuwa umechanika, unavuja damu. Kumbe yule aliyechomoka alikuwa yeye! Aliumizwa na mamaye, na bado akarudi. Nakijwa akamfuta kwa upindo wa nguo yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, kijito nimekiacha kinatiririka. Nanyi wajukuu zangu, mkimwita mtu arudi kwenu, ondoeni kwanza kile kinachomuumiza.