Bufee ya Bwana Mbaruku

Arobaini ya mume wake ilikuwa imebakiza siku mbili, na Bi Zamda alikuwa na kibaba kimoja tu cha mchele. Akaenda kwa Bwana Mbaruku, mwenye hoteli kubwa Dar es Salaam, kuomba pilau la hitima.

"Bufee yangu si sadaka, mama," alisema tajiri. "Hakuna bora kuliko hiyo mjini."

"Mtaani kwetu wanasema ya hoteli ya jirani yako inaishinda."

"Nani hao? Waje waonje!"

"Ni wazee, bwana mkubwa. Magoti yao hayaziwezi ngazi zako."

"Basi nitawapelekea. Wako wangapi?"

"Sitini. Keshokutwa, baada ya swala ya Ijumaa, utawakuta wote kwangu."

Ijumaa pilau na kuku wa kupaka vikatangulia. Bwana Mbaruku akafuata kusikia hukumu. Akakuta mikeka imetandikwa na shehe ameinua mikono.

"Ewe Mola, mrehemu marehemu wetu, na umlipe kheri Bwana Mbaruku aliyetulisha leo."

Watu sitini wakamgeukia. Naye akainua mikono, akaitikia, "Amina."

Kisha akamnong'oneza Bi Zamda, "Na bufee ya jirani?"

"Hiyo tutaionja kwenye hitima ya mwaka."