Kidari cha Harusi ya Namcheja

Hapo zamani, meno yangu yakiwa bado yote kinywani, Upareni aliishi Senkondo, mkulima wa mahindi, mtu mbishi kupindukia. Harusi ya binti yake Namcheja ilikuwa imeahirishwa mara mbili, kwani kila mwaka viwavi walimaliza mahindi ya karamu. Wakwe walishaanza kununa. Ikiahirishwa tena, basi, posa imevunjika.

Mwaka ule viwavi wakarudi. Senkondo akataka kufyeka msitu wa ukoo apate shamba jipya. Shemeji yake Mbonea, mlinzi wa msitu, akamzibia njia, akakataa. Senkondo akataka kuchoma magugu ya maua yaliyotanda kutoka msituni hadi shambani, akidai ndiyo maficho ya viwavi. Mkewe Nakijwa akamwagia maji kijinga cha moto, akakataa. Senkondo akaokota ndani ya debe viwavi wenye vipunje vyeupe mgongoni, akidhani ni mayai ya viwavi wengine, awatie motoni. Namcheja akampokonya debe, akakataa. Mzee akasusa chakula. Alisusa mpaka jioni tu, ugali ulipoiva.

Namcheja akalifunika debe kwa chandarua, aone kitakachotoka. Siku ya tano vipunje vikafunguka, wakatoka nyigu wadogo kama chawa. Kumbe hutaga ndani ya viwavi, na watoto wao huwala viwavi wangali hai! Akawaachia. Akatafuta nyigu wengine wa namna hiyo: shambani akapata aina mbili, msituni ishirini na tatu. Viwavi wakapungua, mahindi yakabeba, harusi ikapangwa. Senkondo alilia kwa furaha, akasingizia moshi.

Sasa, kwao kidari cha mbuzi wa harusi hupewa aliyeiokoa karamu, mmoja tu. Hakikatwi, maana kukikata ni kuigawa ndoa. Senkondo akashika sinia, watatu wakamkazia macho.

Mbonea akasema, "Msitu ungefyekwa, nyigu wangetoka wapi?"

Nakijwa akasema, "Mume wangu, msituni ni mbali. Wangekula nini njiani, kama si maua yangu?"

Namcheja, bibi harusi mzima, akainua shela. "Baba, hata wangefika salama, bila mimi ungewachoma wote."

Senkondo akakuna kichwa. Kila alipomgeukia mmoja, wawili waliguna. Nyama inapoa, wakwe wanangoja, bwana harusi anameza mate.

Haya, ninyi mnaocheka, sinia hili hapa, lishikeni. Je, kidari ni cha nani?