Jinsi Taya la Juu Lilivyokubali Kutulia

Hebu shusheni hiyo miswaki kwanza. Wewe Namsifu, meno ya chini umeyasugua mpaka yanang'aa, ya juu umeyapita kama hamjuani. Nani kakufundisha hivyo? Kaeni hapa kwenye ngazi, niwaeleze kwa nini taya la juu halitikisiki. Habari hii nimeieleza mara nyingi, na bado nikifika katikati moyo hunienda mbio.

Zamani, watu wa milima hii walikuwa na mataya mawili yanayocheza. La chini lilipanda, la juu likashuka, yakakutana kwa kishindo. Sasa fikirini wenyewe. Taya la juu ndilo limebeba pua na mashavu, na macho yamekaa juu yake. Mtu akitafuna, uso mzima ulirukaruka, asione kitu. Kwa hiyo kila mtu alikula peke yake, kageukia ukuta, kafumba macho. Akimaliza ndipo anarudi kwa wenzake. Kula pamoja lilikuwa jambo lisilojulikana.

Kwa sababu hiyo wazee wakazua desturi ya posa, tena desturi ngumu. Kijana akitaka mke, aliketishwa uani nyumbani kwao msichana na kupewa kikapu cha njugu mawe za kukaanga, zile za kuvunja jino. Wasichana wa ukoo walipita mbele yake kimya, wote wamevaa sawa, wamepakwa mafuta sawa. Kijana alitakiwa atafune huku anatazama, asipumzike, na kikapu kikiisha tu amnyooshee mkono aliyemposa. Akimnyooshea mwingine, basi huyo huyo ndiye mkewe. Wazee walisema mwanamume anayempoteza mkewe chakula kikija hafai kuchagua mara ya pili. Milima hii ilijaa watu waliooana kwa kukosea. Wengine walizoeana, wengine walinuniana mpaka kaburini.

Sasa alikuwepo kijana mmoja, Kajiru, mchimba mifereji ya kupeleka maji mashambani. Alimpenda Nakijwa, binti wa ng'ambo ya mfereji, na Nakijwa alimpenda yeye. Msinitazame hivyo, mambo hayo hayakuanza na nyinyi. Nakijwa alimwambia wazi kwamba akinyoosha mkono kwa mwingine, yeye atahama milima asionekane tena. Kajiru akafanya mazoezi. Alitafuna njugu akikazia macho jiwe moja upande wa pili wa bonde, jiwe likageuka mbuzi machoni pake, mbuzi akageuka kundi. Akajaribu kulifunga taya la juu kwa kamba ya mgomba, lakini mdomo wote ukafungika, njugu haikuingia wala haikutoka.

Siku ya posa ilipokaribia, akaona hana ujanja mwingine ila kulisemesha taya lenyewe. Wakati huo viungo vilikuwa bado vinamjibu mwenye navyo. Taya la juu lilikuwa na majivuno yake, na isitoshe lilikuwa vipande viwili, cha kulia na cha kushoto, ambavyo havikuelewana hata siku moja. Kajiru alikaa kando ya mfereji akalieleza yote bila kuficha, mpaka machozi yakamtoka. Akaliomba litulie siku moja tu, kazi ya kutafuna ifanywe na la chini. La chini likakubali upesi, maana siku nyingi lilitaka kucheza peke yake. Kisha vile vipande viwili vya la juu, kwa mara ya kwanza, vikasema kwa sauti moja.

"Kutulia siku moja siwezi. Nikitulia nimetulia. Nitashikamana na kichwa chako na sitashuka tena, na uchafu ukining'ang'ania sitaweza kujikung'uta. Utanisafisha?"

"Kila asubuhi," Kajiru akasema, "na nitaanza na wewe. Mimi na watoto wangu wote."

Akaambiwa atie vidole gumba viwili mdomoni avibane vile vipande pamoja. Akabana kwa nguvu zake zote, vikasikika vikiingiana. Haya, pitisheni ulimi kwenye kaakaa, katikati kabisa. Mnausikia ule mstari? Basi hapo ndipo viliposhikana.

Siku ikafika, ua ukajaa watu. Bibi yake Nakijwa, mama mmoja mkali aliyeitwa Namkunda, hakumtaka mchimba mifereji, akakijaza kikapu mwenyewe mpaka njugu zikamwagika. Kajiru akatia ya kwanza mdomoni. Taya la chini likapanda, likagonga, likashuka. Ua haukurukaruka. Watu hawakurukaruka. Alikuwa anatafuna na dunia imetulia mbele yake, na hakuna binadamu aliyewahi kuona hivyo kabla yake. Wasichana wakaanza kupita, naye akamwona Nakijwa, waziwazi, na kovu lake dogo la kidevuni. Namkunda alipoona macho ya kijana hayachezi, akashtuka. Akawaamuru wasichana wabadilishane nafasi, wazunguke, wapishane, wakimbie. Vumbi likatimka. Macho ya Kajiru yakamfuata mmoja tu, na njugu ya mwisho ilipopasuka akanyoosha mkono.

Watu wakashusha pumzi, kisha vigelegele vikapasua ua. Namkunda hakuridhika. Akamshika Kajiru shavu akamwamuru atafune tena. Akasikia taya la chini likipanda na kushuka, na la juu limekaa kimya kama ukuta. Akaondoa mkono, akamwambia achukue mkewe.

Lakini haikuishia hapo. Walipofika kwao wakawekewa chakula, na Kajiru hakugeukia ukuta. Alikula akimtazama mkewe, anacheka. Nakijwa alikuwa kafumba macho, uso unamruka. Aliposikia kicheko cha furaha cha mumewe, akasukuma chakula kando.

"Wewe unaniona, mimi sikuoni," akasema. "Ndoa gani hii?"

Kajiru akaona haya. Alidhani shida ilikuwa ya posa peke yake. Akamfundisha maneno aliyosema kando ya mfereji, neno kwa neno. Nakijwa akanawa mikono, akatoa ahadi yake, akatia vidole gumba, akabana. Kisha akachukua tonge, akatafuna, akainua macho polepole. Akamwona mumewe anakula. Alicheka mpaka tonge likamtoka, akatoka mbio kumwita mama yake, na mama mtu naye akawaita majirani, wote wakafundishwa maneno yale.

Na tangu siku hiyo taya la juu la binadamu limeshikamana na kichwa, na watoto huzaliwa nalo limetulia. Jino lake likioza, maumivu hupanda hadi chini ya jicho, maana taya linawakumbusha jirani zake, pua na macho, ile ahadi ya kusafishwa. Na tangu siku hiyo tunakaa kuzunguka sinia moja, tunakula tunatazamana. Kwa hiyo mtu akila na wewe huku anakwepesha macho, usilisingizie taya. Muulize ana nini moyoni.