Beseni la Émérance

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Maana yake ni kwamba hata kama huna huruma na mtu wa chini, hata kama umemwekea kisigino shingoni, kazi ya mikono yake usiipe jina la mwingine. Watu wetu wengi wameishika nusu ya kwanza ya methali hii na kuitekeleza kwa bidii ya mchwa. Nusu ya pili wameiacha ianguke njiani. Kisa cha Émérance, fundi wa magari, na muzee Kamate, mwenye Mercedes, kinatosha kuiokota.

Birere, mjini Goma, huwezi kunyoosha mkono bila kugusa bidhaa ya jirani. Kati ya duka la vitenge na meza ya mwuza simu palikuwa na pembe moja nyeusi kwa mafuta, bati nne juu, mawe ya volkano chini. Hapo ndipo Émérance alipofanyia kazi tangu marehemu babake amwachie spana zake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mfupi, mwenye mabega kama ya mpakua mizigo, na hakuwa na ugonjwa wa kusahau. Alikumbuka kila skrubu aliyowahi kuifunga, ilikuwa siku gani, na aliyesimama kando na mikono mfukoni alisema nini.

Aliyesimama kando mara nyingi alikuwa Kamate, mfanyabiashara wa maharagwe, mwenyeji wa Butembo, mwenye Mercedes 240 D ya mwaka 1982, rangi ya maziwa. Alikuwa pia na kitabu cha Kifaransa, kinene kama misale ya padri, chenye historia ya kiwanda kilichotengeneza gari hilo, na aliisimulia historia hiyo kama padri asomaye ukoo wa Yesu siku za Noeli. Kwamba mwaka 1886, ambao aliutaja kwa Kifaransa ili upate uzito, bwana Benz alipewa hati ya gari lake la magurudumu matatu. Kwamba Mercedes lilikuwa jina la binti wa tajiri mmoja aliyeuza magari ya kiwanda kingine, cha Daimler. Kwamba viwanda hivyo viwili vilioana mwaka 1926, na ncha tatu za nyota yao ni nchi kavu, maji na anga. Kisha gari lilipowaka, alilipiga kapoti, kifuniko cha injini, kofi la upendo na kutamka, "Wajerumani hawa!"

Émérance, ambaye dakika tano nyuma alikuwa chini ya gari hilohilo na matone ya mafuta puani, alipangusa mikono na kukusanya spana zake.

Kwa Kamate, gari lake halikuwahi kuharibika. Lilipozimika barabarani lilikuwa limechoka. Lilipovutwa kwa kamba hadi Birere lilikuwa limekuja kupanguswa. Mwaka 2002, volkano ilipotema moto na mto wa lava kushuka mjini, Kamate alikuwa Butembo kutafuta maharagwe. Gari lilikuwa kwenye pembe ya Émérance, halina batri. Yeye na babake walilisukuma kwa mabega hadi ng'ambo ya mpaka, huku nyuma yao paa zikilia kama bisi. Vyombo vyao wenyewe vya nyumbani viliungua vyote. Kamate aliporudi na kulikuta gari zima, alilizunguka mara tatu machozi yakimlengalenga. "Muliona?" aliwaambia watu. "Mujerumani haogopi moto."

Siku moja, akimngoja Kamate amalize kuongea na simu, Émérance alikisoma kitabu kile. Aligundua kurasa mbili ambazo muzee huziruka. Wa kwanza ulihusu vita vikuu vya pili, wakati kiwanda kilipowatumikisha kwa nguvu maelfu ya watu waliotekwa kutoka nchi nyingine. Alitafuta pia ukurasa wa kumwambia shaba ya nyaya za gari ilichimbwa na nani, maana mtu wa Kongo akisikia neno shaba hushika mfuko wake. Ukurasa huo haukuwapo kabisa.

Ukurasa wa pili ulimhusu Bertha, mke wa bwana Benz. Agosti mwaka 1888, bila kumuaga mumewe, Bertha aliwapakia watoto wake wawili na kuliendesha gari lile zaidi ya kilomita mia moja kwenda kwa mama yake, wakati watu hawajaamini kama lile ni gari au ni wazimu. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipochunika, aliufunga kwa mkanda wa soksi yake. Breki zilipoisha, alimwamuru fundi viatu wa kijijini azipigilie ngozi. Sifa yote ya kiwanda ilianzia safari ile. Émérance alikifunga kitabu taratibu, akahisi kana kwamba ameonana na ndugu.

Sasa ikatokea kwamba shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa ule, Akonkwa, mtu wa miwani na mihuri, alitangaza kuwa ile pembe nyeusi atapewa mwuza magodoro. Mafuta yanachafua avenyu, alisema, na isitoshe hakuna anayejua kama yule mama ni fundi kweli au mmwaga oili tu. Akitokea mtu mwenye heshima wa kumshuhudia, basi, atabaki. Uamuzi ni Jumatatu. Émérance hakulala vizuri. Kwingine hakuwa nako, na spana za babake hazikujua ukuta mwingine wa kutundikwa. Lakini mtu mwenye heshima alikuwa naye, tena mwenye gari la miaka arobaini na zaidi linalotembea. Hakuwa na wasiwasi na Kamate.

Alhamisi avenyu ilikusanyika kwenye pembe ile kumsikia shahidi wake. Kamate alikuja na Mercedes yenyewe, na mkewe Domitille kando. Alikuwa na haraka. Jumamosi binti yao Rosine alikuwa akiolewa na kijana wa Masisi, na Kamate alikuwa ameshawatangazia wakwe, wafugaji wa ng'ombe, kwamba bibi harusi atafika kanisani ndani ya gari lisilojua kuharibika. Akonkwa alipomuuliza kama mama huyu ni fundi, muzee alijikuta kati ya maneno mawili. Akisema ndiyo, gari lake huharibika. Akisema hapana, gari lake ni la Mjerumani. Akakohoa.

"Shefu, mutoto huyu ana adabu, ananipangusia gari vizuri," alisema. "Lakini kila kitu chenye kutembea ndani ya gari yangu kilitoka Ujerumani. Kama kuko chake hata kimoja, akitoe aende nacho."

Watu walicheka. Émérance hakucheka. Alimtazama muzee, akakumbuka lava. Kisha akaingia chini ya bati, akatoka na beseni.

"Muzee, umesema mbele ya batu," alisema. "Nami ninatii."

Akafungua kapoti. Kitu cha kwanza kuingia besenini kilikuwa mkanda wa feni. Aliuinua juu, akaeleza kwamba ulitoka kwenye mashine ya kusaga mahindi. Cha pili kilikuwa mpira wa kupitisha mafuta, alioukata kwenye injini ya boti ya wavuvi wa Kituku. Cha tatu na cha nne zilikuwa raba za kubebea injini, alizochonga kwenye tairi la lori, palepale wachonga chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanapokata raba za magurudumu yao. Hapo sauti moja kutoka nyuma, ya mama mwuza sambaza, dagaa wa ziwani, ikasema polepole, "Wajerumani hawa."

Kuanzia hapo hapakuwa na kumzuia mtu. Akatoa mpini wa kushushia kioo, uliokuwa wa cherehani. Wajerumani hawa, avenyu ikaitikia. Akatoa kitasa cha mlango wa dereva, kilichotoka kwenye kabati la sakristia, alichopewa na padri mwenyewe. Wajerumani hawa, wakaitikia, na wengine wakafanya ishara ya msalaba. Alipofikia springi za kiti, ambazo zamani zilikuwa kitanda, Kamate, aliyekuwa ameingia garini na kuketi juu yake kwa ukaidi, alididimia hadi ikaonekana kofia tu.

Alitoka akirekebisha kofia. Akainyooshea kidole nyota ya mbele, inayong'aa juu ya pua ya gari, akauliza kama hiyo nayo ilitoka kitandani.

Émérance alishusha spana. Nyota ile ilikuwa siri. Miaka sita nyuma wezi waliing'oa ya asili, na Kamate akaanguka kitandani siku tatu, hali wala hasemi. Siku ya nne Émérance alikuja kumwambia tu, "Imeonekana," naye akaamka. Hakutaka kumwaibisha kwa hilo. Lakini aliyejibu alikuwa Domitille.

"Hiyo ni sufuria yangu ya bugali, Papa Rosine," alisema, bila kupandisha sauti. "Nilimupelekea Émérance aiyeyushe. Nilitaka uamuke ule."

Hakuna aliyeitikia. Émérance aliifungua nyota, akaiweka juu ya vingine, akabeba beseni kichwani akaingia ndani. Gari la Mjerumani likabaki barabarani kama kuku aliyenyonyolewa, na wasukuma chukudu wanne wakalirudisha nyumbani kwa Kamate.

Ijumaa asubuhi Kamate alijaribu kutafuta fundi mwingine. Wawili walikuja, wakatazama, wakauliza aliyekuwa akilitunza alikuwa nani, wakavua kofia na kuondoka. Saa nne akafika mkwe wake, muzee Ndagijimana, baba wa bwana harusi, mfugaji mrefu mwenye maneno machache, kuliona gari ambalo ukoo mzima wa Masisi ulikuwa ukilisubiri. Alilizunguka. Alichungulia pale palipokuwa na nyota. Kamate akaanza kumweleza habari za mwaka 1886. Ndagijimana alimsikiliza hadi mwisho, akiegemea fimbo.

"Mukwe wangu," alisema, "kwetu ng'ombe akisifiwa maziwa, hatuulizi alizaliwa zizi gani. Tunauliza nani anamuchunga."

Kamate alienda Birere kwa miguu. Alimkuta Émérance amekaa kando ya beseni, naye hana furaha. Alikuwa amelala akijiuliza kama hakupita kiasi. Alimjua Rosine tangu tumboni mwa mamake, na Jumatatu ilikuwa bado palepale. Muzee aliongea sana juu ya harusi, baridi ya asubuhi, bei za siku hizi. Mwishoni akasema gari ni lake Émérance pia, kwa namna fulani, na kwamba akilirudishia vitu vyake, atakwenda kumwambia Akonkwa neno, faraghani.

"Uliyenikana mbele ya batu, utanikiri mbele ya batu," Émérance alimjibu. "Nitarudisha vyote, kwa ajili ya Rosine. Lakini nyota itakaa mufukoni mwangu mupaka useme."

Alifanya kazi kutwa, na Jumamosi bibi harusi akaketi nyuma ya Mercedes isiyo na nyota, kati ya maua, mama yake kando, Kamate kwenye usukani, na Émérance mbele kwa nguo yake ya kitenge, spana ndani ya mkoba. Nyuma yao pikipiki zilipiga honi. Mbele, uani kwa kanisa, ukoo wa Masisi ulikuwa umesimama, na kati yao Akonkwa, miwani imepanguswa.

Hatua mia kabla ya kanisa, gari lilikohoa mara mbili na kuzimika.

Pikipiki zikaona haya, zikaacha kupiga honi. Kamate alikazia macho kioo cha mbele kana kwamba Ujerumani iko upande wa pili. Émérance alishuka, akafungua kapoti, akafuata mpira wa mafuta kwa vidole. Mazuti ya chupani, dizeli inayouzwa kando ya barabara, yalikuwa yameleta uchafu na kuziba mrija mwembamba. Waya wowote mwembamba ungetosha. Hakuwa nao. Akageuka, akamtazama Rosine, na akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Mwanangu, nipe pini ya shela."

Rosine aliichomoa. Shela likamwangukia sikioni. Émérance alizibua mrija, akaurudishia, akapampu kwa mkono kuondoa hewa, akaashiria. Kamate akawasha. Gari likanguruma, likatoa wingu la moshi mweusi, likatulia likiimba kama kawaida yake. Umati wote, kutoka uani kwa kanisa hadi kwenye pikipiki, ukamgeukia muzee, ukangoja. Wengine tayari walikuwa wamefungua midomo.

Kamate alishuka. Mkono wake wa kuume ulikwenda wenyewe hadi kwenye kapoti, kwa mazoea ya miaka mingi, ukasimama hewani. Mbele yake alikuwapo mwanamke ameshika pini ya shela la bibi harusi, ncha yake nyeusi kwa mafuta. Ukurasa ule wa Bertha alikuwa ameusoma. Aliuruka kila mara, lakini alikuwa ameusoma.

"Shefu Akonkwa, sogea usikie," alisema, kwa sauti ileile ya Alhamisi. "Wajerumani waliiunda gari hii mara moja. Émérance wa Birere ameiunda kila wiki, mimi niko nasimama kando nasifu watu wasionijua. Volkano ilipokuja, aliyeitoa kwenye moto ni yeye na babake, na vyao viliungua. Kama huyu si fundi, basi katika Goma hakuna fundi. Ile pembe ni yake."

Akonkwa alipapasa mfuko kutafuta muhuri, akakumbuka ni harusi, akaitikia kwa kichwa mbele ya watu wote. Ndagijimana akapiga fimbo chini mara moja, na ukoo wake ukaanza kupiga makofi.

Émérance aliirudisha pini kwenye shela, ikaacha doa dogo jeusi ambalo Rosine alikataa lisifutwe. Kisha akatia mkono mkobani, akatoa nyota, akaifunga juu ya pua ya gari kwa mizunguko mitatu. Domitille aliinama akaipangusa kwa ncha ya kitenge, jinsi mtu anavyopangusa sufuria yake. Nyuma kabisa, mama mwuza sambaza akatamka polepole, "Wabirere hawa!" Msafara ukaondoka, na Jumatatu yake mwuza magodoro akatafuta pembe nyingine, akijifunza pamoja na Kamate na avenyu nzima kwamba mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.